Adui Ndani ya Pipa

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yawafaa watengenezaji wa divai tamu. Hamira huigeuza sukari ya zabibu kuwa kileo; na sukari ikisalia, hamira nayo ikiwa hai, divai huweza kuchacha tena safarini, vizibo vikafyatuka na mali ya mfanyabiashara ikapotea.

Katika karne ya 17 Waholanzi waliwasha tambi za salfa ndani ya mapipa matupu kabla ya kuyajaza, na moshi wake ukaidhoofisha hamira. Baadaye Wareno wa bonde la mto Douro walitia pombe kali katika divai ingali ikichacha. Hamira ikafa, utamu ukabaki, nayo divai ikavuka bahari salama hadi Uingereza.

Watu hao walijua dawa pasipo kumjua adui. Mwaka 1860 Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza kwamba uchachukaji ni kazi ya hamira iliyo hai. Katika kitabu chake cha mwaka 1866 alifundisha kuipasha divai moto bila kuichemsha, ili vijidudu viiharibuvyo vife. Basi tusidharau ujuzi wa mafundi wa kale: mara nyingi mkono hutangulia, elimu ikafuata nyuma na kueleza sababu.