Ufuo wa Kuchoma Saa
Burning the Clocks · Brighton, Uingereza

Kwa desturi, kwenye kokoto za ufuo huu huwashwa moto mkubwa tarehe 21 Desemba, ambayo kwa kawaida ndiyo siku fupi kuliko zote za mwaka. Mwanga wa jua hapa siku hiyo hudumu kwa muda usiotimia saa 8.

Waanzilishi
Sherehe hii ya Burning the Clocks ilianzishwa miaka ya 1990 na Same Sky, shirika la sanaa za jamii la Brighton. Lengo lilikuwa kuwapa watu wa dini zote, na wasio na dini, sikukuu moja mbali na pilikapilika za manunuzi ya Krismasi.

Taa
Familia, shule na vikundi huunda taa za kubeba kwenye msafara kwa mikono. Fito nyembamba hupindwa na kufungwa kwa utepe wa gundi, kisha huvikwa karatasi laini nyeupe iliyopakwa gundi. Karatasi ikikauka, hukaza kama ngozi ya ngoma. Wasanii huchagua mada ya mwaka, huwafundisha wenyeji na kuunda taa kubwa za msafara.

Usiku wenyewe
Msafara hupita mjini ukisindikizwa na ngoma na tarumbeta, huku wajitolea wakielekeza umati. Ufuoni taa hutupwa motoni pamoja na huzuni na matumaini ya waliozibeba, kisha hurushwa fataki.

Mwaka 2020 na 2021 sherehe haikufanyika kwa sababu ya UVIKO-19.

Kwa kuwa taa huteketea, kinachohifadhiwa ni ufundi wa kuziunda, na watoto hujifunza upya.