Sura za Watu wa Kinshasa

Nani kati yetu hapa Punia hana ndugu au jirani aliyekwenda kukaa Kinshasa? Akituletea habari hutuma na picha: amesimama wima, viatu vinang'aa, saa inaonekana mkononi. Tunafurahi, tunaitundika ukutani. Lakini picha za namna hii zilianzaje?

Zamani za utawala wa Wabelgiji mji ule uliitwa Léopoldville. Mwaka 1924 alifika huko mtu wa Polandi, Casimir Zagourski, mpiga picha. Alisafiri mbali katika Kongo na nchi jirani, akapiga picha za watu wengi na kuzifanya kadi za posta. Jina alilozipa maana yake ni "Afrika inayotoweka". Picha zake ni nzuri, hatukatai. Lakini mara nyingi kadi ilitaja kabila, wala haikutaja jina la mtu. Zagourski alifariki mwaka 1944.

Kisha mambo yakageuka. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo mwaka 1950 ili apate ukumbusho wa arusi yake. Mwaka uliofuata alihamia Léopoldville. Mwaka 1954 mwanamuziki Franco alimwita awe mpiga picha wake. Basi Depara alikwenda usiku penye ngoma na vinywaji, akapiga picha za wanamuziki, za wanawake waliojipamba, na za vijana waliovaa kama wachunga ng'ombe wa sinema za Marekani.

Mwingine ni Ambroise Ngaimoko, naye mzaliwa wa Angola. Alifika mjini mwaka 1961, mwaka vita ilipoanza kwao. Mwaka 1971 alifungua studio yake mtaani Kintambo, akaiita Studio 3Z. Mwaka ule ule nchi yetu ilipewa jina la Zaire. Z tatu ni nchi, mto na fedha. Walikuja kwake vijana wanyanyua vyuma, marafiki wawili wawili, na jamaa nzima na watoto wao.

Tazameni tofauti. Mtu wa studio alikuja kwa miguu yake, akalipa fedha yake, akachagua nguo na namna ya kusimama. Ukitazama picha hizo huwezi kusema huyu ametoka Kasai, huyu Equateur, huyu Maniema. Unaona tu mtu anayetaka kuheshimiwa.

Jambo hili si dogo. Nchi yetu imeonja uchungu wa kumwuliza mtu asili yake ili afukuzwe. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, hata wale waliozaliwa huko. Kinshasa, kinyume chake, ilitunziwa sura zake na wageni wawili kutoka Angola. Wazee walisema kweli: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata Punia yetu ilikuzwa na migodi ya bati, na kazi ile ilileta watu wa makabila mengi. Picha zao zimo bado katika masanduku yetu. Basi wasomaji, tuzitoe, tuwaulize wazee wangali hai, tuandike nyuma ya kila picha jina la mtu. Kabila peke yake halitoshi.