Urithikaji: kinachorithika ni tofauti

Mtoto akifaulu, husemwa akili kazitoa kwa babaye. Akifeli, husemwa ukoo wao ndivyo ulivyo. Neno urithi tumelizoea kwenye mirathi: marehemu kaacha shamba, nawe umepata fungu lako. Ndiyo maana mzazi akisikia kwamba urithi wa akili ni asilimia 50, huelewa kuwa nusu ya akili ya mwanawe imetoka kwake na nusu ni ya malezi. Sivyo, na kosa hili huwaumiza watoto.

Kipimo kinachotajwa hapo, ambacho naona kiitwe urithikaji, hakimhusu mtoto mmoja. Kinahusu kundi: watu wanavyotofautiana, ni sehemu gani ya tofauti zao inatokana na tofauti za jeni? Tazama vidole. Vitano vya kila mkono twavirithi, lakini urithikaji wa idadi yake ni mdogo mno, kwani wengi wenye pungufu walikatwa na panga au mashine. Vidole vimerithiwa, tofauti haikurithiwa. Neno urithi haliwezi kuyatenga mambo hayo mawili. Urithikaji linaweza, kwa sababu ya ile -ik- iliyomo pia katika kulimika: shamba hulimika mvua ikishanyesha. Hali ikibadilika, kipimo nacho hubadilika.

Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walichapisha uchunguzi wa mapacha wa miaka saba nchini Marekani. Katika familia maskini, takriban asilimia 60 ya tofauti za alama za akili zilitokana na mazingira ya nyumba waliyokulia pamoja, na mchango wa jeni ulikaribia sifuri. Kwa wenye uwezo, mambo yalikuwa karibu kinyume. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2016 uliikuta hali hiyo Marekani, lakini si Ulaya Magharibi wala Australia. Kwangu huo ni ushahidi mwingine kwamba tarakimu hii ni ya mahali na wakati wake.

Hata alama zenyewe hubadilika: huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa akili 1998 waliwazidi kwa mbali wale wa 1984. Jeni za wilaya nzima hazigeuki kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi waliojua kusoma, familia zilizopungua ukubwa, na afya na chakula cha watoto.