Mtoto wa Angani na Bendera ya Chombo

Husemwa, tena kwa yakini ya mtu aliyekiona cheti kwa macho yake, kwamba mtoto azaliwaye ndani ya ndege hupata uraia wa dola yenye ndege hiyo, na juu ya hayo akasafiri bure umri wake wote. Habari ni tamu, walakini sheria nyingi haziijui. Na atakaye kufahamu sababu hana budi kurejea zama za merikebu, kwa maana karibu kila hukumu ya angani imerithiwa kutoka baharini.

Waingereza wa kale walikuwa na itikadi kwamba aliyezaliwa baharini ni mtu wa parokia ya Stepney, mtaa wa mabaharia mashariki ya London, itikadi ambayo haikuwa na nguvu mbele ya kadhi yeyote, bali iliwaridhisha watu waliochukia kumwona binadamu asiye na kwao.

Shauri zito zaidi lilitoka katika bahari yetu wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 manahodha wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, ambao majahazi yao yalishuka na kaskazi hata Unguja, Ngazija na Bukini, walizoea kutweka bendera ya Ufaransa, ili manowari za Waingereza zilizowasaka wachukuzi wa watumwa zisithubutu kuwapekua. Ugomvi ukafika The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi wakahukumu kwamba jahazi lililopewa bendera hiyo kwa haki lina kinga yake hata katika maji ya Maskati, lakini wenye jahazi, nahodha na mabaharia, maadamu ni raia wa Sultani, hawakutoka katika mamlaka yake. Chombo kilifunikwa na bendera. Watu waliomo walibaki wa Sultani. Kwa rai yangu, hukumu hii ya majahazi yafaa kusomwa na kila anayejadili watoto wa angani, ingawa waliotoa hukumu hawakuiwaza ndege hata kidogo.

Ndege zilipokuja, mkataba wa Paris wa 1919 ulikiri kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na ule wa Chicago wa 1944 ukakariri kwamba ndege ina utaifa wa dola ilikoandikishwa, wala haiwezi kuandikishwa kwa halali katika dola mbili. Basi ndege ikapata utaifa mmoja usio na shaka, ilhali mtoto anayezaliwa ndani yake aweza kuwa na uraia wa dola mbili, au asiwe na hata mmoja.

Uingereza ilikuwa karimu kwa muda: sheria yake ya 1948 ilimhesabu aliyezaliwa katika chombo kilichoandikishwa kuwa amezaliwa pale kilipoandikishwa, na kifungu hicho kikaingia katika katiba za makoloni yake ya zamani, Kenya ya 1963 ikiwamo. Sheria ya 1981 ikaubana mlango huo, ukabaki wazi kwa mwenye mzazi Mwingereza au kwa yule ambaye vinginevyo angekosa uraia popote. Mkataba wa New York wa 1961 nao hauitumii bendera ya ndege ila kwa ajili ya huyu wa mwisho.

Marekani yashika njia yake. Azaliwaye ndani ya anga lake ni raia, awe katika ndege ya nani. Lakini ndege yake ikiwa nje ya anga hilo si ardhi yake, kama mahakama ya rufani ilivyokwisha kuamua mwaka 1928 juu ya mtoto wa wazazi wa Kichina aliyezaliwa bahari kuu katika merikebu ya Marekani. Hivyo saa ya kuzaliwa na mahali ilipo ndege, mambo ambayo rubani huyaandika, yaweza kuamua uraia wa mtu.

Kwingineko, aghalabu nasaba ndiyo hukata shauri, na mtoto hufuata wazazi wake kana kwamba amezaliwa nyumbani. Tena mashirika mengi hudai barua ya tabibu mimba ikifika wiki 28, na baada ya wiki 36 hayamchukui mama kabisa, hata imekuwa wanaozaliwa angani siku hizi aghalabu ni wale waliokuja kabla ya wakati wao.