Chungu, Maziwa na Majani Machungu: Mboga za Kienyeji katika Historia ya Migori na Homa Bay

Katika nchi inayoanzia Ghuba ya Winam na kuteremka kusini hadi mpaka wa Tanzania, ambayo leo imegawanywa katika kaunti za Homa Bay na Migori, mboga za majani zilizothaminiwa zaidi kwa vizazi vingi ni zile ambazo ulimi usiozizoea huzikataa mara ya kwanza. Mnavu, ambao Waluo huuita osuga na Wakenya wengi huufahamu kwa jina la managu, ni mchungu. Mgagani, yaani dek, ni mchungu zaidi. Mitoo, mmea wa jamii ya marejea, una ukali wake. Nao mrenda, uitwao apoth, huteleza kinywani kiasi cha kumshangaza mgeni. Kwa hiyo historia ya mboga hizi ni historia ya ujuzi wa jikoni kabla ya kuwa historia ya kilimo, na mtafiti anayeanzia shambani na kukisahau chungu huiona nusu tu ya habari yenyewe.

Mababu wa Waluo wa eneo hili walikuwa wafugaji na wakulima wa mtama na wimbi waliohama kutoka kaskazini, wakipitia Uganda kwa vizazi kadhaa, hata baadhi yao wakavuka ghuba na kukaa upande wa kusini, ambako walikutana na watu wa lugha za Kibantu, wakiwemo mababu wa Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, na walipakana na Abagusii wa milimani pamoja na Wakuria. Majani yaliyoliwa na jamii hizi yalikuwa karibu yale yale, na mgagani uliothaminiwa na Waluo ulithaminiwa vilevile Kisii, ambako huitwa chinsaga. Makazi ya nyakati hizo yalizungushiwa kuta, na mfano ulio maarufu kuliko yote ni Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikanisha, ambalo UNESCO ililiandikisha katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ndani ya maboma ya namna hiyo ng'ombe walilala usiku, na samadi ilirundikana mwaka hadi mwaka, hata familia ilipohama iliacha nyuma kipande cha ardhi chenye rutuba kubwa, kinachoitwa gunda, ambacho mnavu, mgagani na mchicha hukipenda kuliko ardhi nyingine yoyote. Mboga nyingi katika hizo ziliota zenyewe, na kazi ya mwanamke aliyezihitaji ilikuwa kujua ipi ya kung'oa wakati wa palizi na ipi ya kuachwa. Karibu na nyumba alikuwa na orundu, yaani bustani ndogo ya matumizi ya nyumbani, ambamo kunde na maboga vilipandwa kwa majani yake kama vile vilivyopandwa kwa mbegu na matunda, na mashina machache yaliachwa yazae ili mbegu zipatikane kwa mvua ndefu za chwiri au mvua fupi za opon.

Hata hivyo ni kwenye moto ndipo mboga hizo zilipogeuka kuwa chakula cha kutamaniwa. Uchungu wa mgagani hutokana na kemikali ambazo mmea huzitumia kujikinga na wadudu, na sehemu yake hutoka katika maji ya kuchemshia, ndiyo maana majani yalichemshwa na maji ya kwanza kumwagwa kabla ya mapishi yenyewe kuanza. Baada ya hapo yaliwekwa katika chungu cha udongo, yakatiwa maziwa au malai, na kuachwa kwenye moto mdogo kwa muda mrefu. Kesho yake yalipashwa tena na kuongezwa maziwa mengine, na wapishi wengi hushikilia hadi leo kwamba mboga ya siku ya pili au ya tatu ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Samli iliyotokana na maziwa yaliyosukwasukwa kibuyuni, inayojulikana kama mo nyaluo, ilitiwa mwishoni. Majani magumu yalilainishwa kwa magadi au kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea. Kulikuwa pia na elimu ya kuchanganya: mnavu ulipikwa pamoja na mgagani ili mmoja umpunguzie mwenzake ukali, na mrenda ulitiwa katika kunde au mitoo ili utelezi wake uyapitishe majani makavu kooni. Msichana alijifunza haya yote akiwa kando ya mama yake au nyanya yake, kwa kuchuma, kuchambua, kukoroga na kuonja, na ni haki kuuita ujuzi huo sayansi, kwa kuwa ulijengwa juu ya majaribio na ukasahihishwa na kila kizazi.

Ujuzi huo ulitegemea maziwa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipojificha. Katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo ulioenea Afrika Mashariki nzima, uliangamiza ng'ombe wengi, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizikumba pwani za ziwa, huku mbung'o wakifanya Bonde la Lambwe kuwa pagumu kwa watu na kwa mifugo. Mboga iliyopikwa bila maziwa ni mboga nyingine kabisa. Yawezekana sifa ya kwamba majani ni chakula cha maskini, chakula ambacho mgeni wa heshima hapewi maadamu kuku au samaki yupo, ilizidi kupata nguvu kila mahali ambapo maziwa yalipungua na uchungu ukabaki peke yake.

Mafunzo ya namna nyingine yaliingia kwa njia ya misheni. Mwezi wa Novemba 1906 Arthur Carscallen, mmisionari wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, akiandamana na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Waadventista waliyahubiri mambo ya chakula kama sehemu ya dini: waliwakataza waumini nguruwe na samaki wasio na magamba, wakiwemo mumi, ambao watu wa ziwani waliwala tangu zamani, nao waliyasifu matunda, nafaka na mboga. Mafundisho hayo yaliipa mboga heshima mpya mezani, lakini bustani za misheni na za shule zilikuza zaidi kabichi, nyanya, vitunguu na karoti, na mboga iliyotajwa kuwa ya kisasa haikuwa ile iliyoota kwenye gunda. Ni vema kukumbuka kwamba mtu aliyeandika kwa Kidholuo kitabu mashuhuri cha mila za Waluo, kilichotoka mwaka 1938, alikuwa Paul Mboya wa Karachuonyo, ambaye alikuwa mchungaji wa kanisa hilo hilo na pia chifu. Hivyo misheni ilizaa walinzi wa mila kama ilivyozaa wakosoaji wake.

Baada ya uhuru mabadiliko yalikwenda kasi. Sukuma wiki, ambayo huchumwa jani moja moja kwa miezi mingi na huiva kwa dakika chache katika sufuria yenye mafuta, vitunguu na nyanya, ilichukua nafasi ya majani yaliyodai kutwa nzima ya kuchambuliwa na kupikwa. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na tumbaku iliyolimwa kwa mkataba Migori na Kuria, vilichukua ardhi na nguvu za wanawake, wakati sangara wa ziwani, aitwaye mbuta, alipoanza kuuzwa ng'ambo katika miaka ya 1980 na nyumba nyingi zikabaki na omena, yaani dagaa. Watoto waliozaliwa wakati huo walikutana na mnavu usiotiwa maziwa, wakaukataa, na haikuwa haki kuwalaumu, kwa kuwa kilichowafikia kilikuwa kivuli cha chakula ambacho nyanya zao walikijua.

Kurejeshwa kwa hadhi ya mboga hizi kulianzia kwa wanasayansi. Kuanzia miaka ya 1990 Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa kilimo cha bustani aliyefundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alichunguza mbegu, lishe na mapishi yake, huku Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa wakiorodhesha mimea ya chakula ya Kenya katika kitabu cha mwaka 1999. Kazi ya namna hiyo, iliyowashirikisha pia wanafunzi wa shule za msingi katika kuandika maarifa ya wazee wao, ndiyo iliyoifanya UNESCO, mwaka 2021, kuiweka juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika sajili yake ya mifano bora. Mwaka huo huo serikali ilivifufua vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanzishwa mwaka 1962 ili watoto wajifunze kulima shuleni.

Ziwani kwenyewe jambo kubwa limekuwa maji. Mradi wa umwagiliaji wa Kimira-Oluch katika Kaunti ya Homa Bay huvuta maji ya mito Awach Kibuon na Awach Tende, na utafiti wa Shamba Maisha, uliofanywa katika vituo 16 vya afya vya Kisumu, Homa Bay na Migori, uliwapa wakulima wanaoishi na virusi vya UKIMWI mkopo wa pampu ya maji, mbegu na mbolea, pamoja na mafunzo ya kilimo na fedha. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba usalama wa chakula katika kaya hizo uliongezeka, ingawa kiwango cha virusi mwilini hakikupungua kuliko kwa wale wasiopata msaada huo. Pampu huwezesha mboga kupatikana hata wakati wa kiangazi, ambapo zamani familia ilitegemea majani ya kunde yaliyokaushwa juani. Lakini maelekezo ya mapishi, hasa ya siku mbili za maziwa na moto mdogo, hayajapewa uzito ule uliopewa mbegu na maji, na wanawake wanaoyajua kikamilifu katika vijiji vya Karachuonyo, Ndhiwa, Nyatike na Rongo ni wa umri ambao hauruhusu kazi ya kuyaandika icheleweshwe.