Farrokh wa Unguja: Wetu au Si Wetu?



Katika sherehe zetu huku ughaibuni, pilau ikishaliwa na vijana wakishika muziki, hufika saa ya ubishi. Mmoja ataweka Queen na mwingine atasema kwa majivuno, "Huyu mwenzetu, kazaliwa Unguja." Wa tatu atamkatiza: "Mwenzetu wapi? Aliitaja Unguja lini?"

Ubishi huo sisi tuliuanza Novemba 1991, tukiwa wanafunzi Uingereza. Tulikuwa watano jikoni hosteli, redio ikatangaza kwamba Freddie Mercury amefariki, na kwamba alizaliwa Zanzibar. Tulitazamana. Kaseti yake tulikuwa nayo tangu Dar es Salaam, na hakuna kati yetu aliyejua.

Tuanze na yanayojulikana. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroaster, na baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu katika serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alipiga piano katika bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Watu wengi waliuawa, wengi wakakimbia, na mwaka huohuo familia ya Bulsara ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Farrokh alikuwa na miaka kumi na saba.

Kuanzia hapo hadithi yake inafanana na zetu. Alifanya kibarua cha kubeba mizigo Heathrow, akasomea usanifu wa michoro Ealing, akauza nguo za mitumba katika soko la Kensington. Nani kati yetu hakupita njia kama hiyo?

Tukiulizwa kuhusu muziki wenyewe, jibu letu ni la kihandisi. Led Zeppelin walikuwa na nguvu zaidi, na Pink Floyd walikuwa na mawazo marefu zaidi. Queen walikuwa mafundi. Brian May alitengeneza gitaa lake nyumbani akisaidiana na baba yake, na shingo ya gitaa hilo ilitokana na mbao ya meko ya zamani. John Deacon, mwenye shahada ya elektroniki, aliokota kipande cha saketi kwenye jalala akakigeuza kuwa amplifaya, na sauti yake imo katika rekodi zao. Mwaka 1975 walipotengeneza "Bohemian Rhapsody", watu watatu tu waliimba ile kwaya nzima, wakirekodi sauti juu ya sauti hadi kanda ikachakaa kwa kupitishwa mara nyingi. Wimbo wa karibu dakika sita, ambao walionywa kwamba redio hazitaupiga, ulikaa juu ya chati ya Uingereza wiki tisa. Na ndani yake limo neno ambalo sisi tunaanzia nalo kula, safari na kazi. Kalitoa wapi mtoto wa Kiparsi? Kila mtu ana jibu lake. Sisi tunajua tu kwamba kwenye mitaa ya utotoni mwake lilisikika kutwa.

Sasa tuje kwenye donda. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii wasusie nchi ile ya ubaguzi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Kwetu haikuwa habari ya mbali. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, bendi hiyohiyo ilipanda jukwaani Wembley kwenye Live Aid, kuchangia wenye njaa Ethiopia, na kwa dakika kama ishirini ikawafunika wote. Tunaipenda siku ile ya Wembley, lakini haifuti Sun City. Anayetaka kudai fahari ya mtu huyu apokee na deni lake. Wahenga walisema, mtoto akinyea kiganja, hakikatwi.

Na ukimya wake je? Ni kweli, Unguja hakuizungumzia sana. Lakini sisi ni nani wa kumlaumu? Wapo kati yetu walioandika Sam badala ya Salum kwenye barua ya kuomba kazi, ili waitwe kwenye usaili. Wapo wazee wetu, hapa na Muscat, ambao ukiwauliza habari za 1964 hubadilisha mazungumzo na kuagiza chai. Aliyeondoka nyumbani namna ile hadaiwi maelezo na mtu.

Nyumbani nako hawakukubaliana. Mwaka 2006 sherehe ya kumbukumbu ya miaka sitini tangu azaliwe ilifutwa Unguja, baada ya jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kupinga kwa sababu ya maisha yake. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani, na watalii wakaanza kupanga foleni.

Aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, mbele ya makuhani wa Kizoroaster, Novemba 1991. Jina alibadili, dini ya kwao ndiyo iliyomsindikiza. Basi safari ijayo ubishi ukianza, jibu letu ni hili: ni wetu, kwa sababu aliondoka kama sisi, akanyamaza kama sisi, na akakosea. Vijana, ongezeni sauti.