Njia za Jasho, Njia za Matembezi

Tumezoea kuitafuta historia ya taifa letu katika maboma, makaburi na nyaraka. Lakini historia imo pia katika njia za miguu, nasi yafaa tujifunze kuisoma humo. Tutazame njia mbili za milimani: ile ifuatayo mfereji na ile iliyoachwa na reli.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifereji waiitayo mifongo kabla ya kuja kwa ukoloni. Maji yaliteremshwa kutoka mitoni, yakaongozwa polepole ubavuni mwa mlima mpaka migombani. Mfereji ulikuwa mali ya ukoo au ya kikundi cha watumiaji, na palikuwapo mzee wa kusimamia zamu. Siku ya kuzibua kila nyumba ilitoa mtu; asiyefika alitozwa faini. Watu walipita ukingoni kukagua nyufa na kuondoa matope. Leo mgeni atembezwaye vijijini hupita kando ya mifereji hiyo kwa kuburudika tu, akifurahia kivuli cha migomba na sauti ya maji.

Njia ya pili iko Usambara ya Mashariki. Kati ya mwaka 1904 na 1910 ilijengwa reli nyembamba, yenye upana wa sentimita 75 na urefu wa kilomita 23 hivi, kutoka Tengeni kwenye reli ya Tanga hadi Sigi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walikuwa wakitoza kodi ya nyumba, na kodi hiyo iliwasukuma watu wengi kutafuta kazi ya mshahara. Reli hiyo sasa haipo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imekuwa mahali pa kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Mahali palipopakiwa magogo ndipo wanapoanzia safari wanaokwenda kuutazama msitu uliosalia.

Wako wasemao kuwa kutembea kwa starehe ni desturi ya kigeni. Lugha yetu inawakanusha. Kutembea kwa Kiswahili si kwenda kwa miguu tu, bali ni pia kuzuru watu na kuona mambo. Na wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure. Jambo la kuhofia ni matembezi yasiyo na kumbukumbu. Atembeaye Sigi asijue habari za kodi na magogo ameona miti tu. Apitaye kando ya mfongo asijue habari za zamu na faini ameona maji tu.

Tena njia hizi hazijitunzi. Mifereji mingi ya Kilimanjaro imekauka kwa kukosa watu wa kuizibua, kwa kuwa vijana wameondoka na mabomba yamefika. Mfereji ukifa, na njia yake huota majani.

Basi walimu hawana budi kuwatoa wanafunzi darasani, wakatembee katika njia za wilaya yao na kuwauliza wazee: nani aliichimba, kwa amri ya nani, na kwa faida ya nani? Majibu yaandikwe maadamu wenye kuyajua wako hai.